Mguu Unaanzia Wapi? Majina ya Viungo vya Mwili Kandokando ya Ziwa

(Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya walimu, wauguzi, matabibu na wapenzi wa lugha)

Nimeombwa nizungumze juu ya maneno ya kimkoa na ya kilahaja yanayotaja viungo vya mwili wa binadamu. Wengine wataliona jambo hili kuwa la wakusanya kamusi tu. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba linamhusu kila anayeuguza na kila anayeugua. Neno geni kabisa, ambalo muuguzi hajawahi kulisikia, halina hatari kubwa, kwa sababu litamfanya aulize. Linalopoteza watu ni neno ambalo kila mmoja analijua tangu utotoni, lakini kila mmoja amelichorea mipaka yake.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba hakuna kati yetu anayezungumza juu ya mwili kwa maneno yasiyo na kwao. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaundwa kusimamia kazi hiyo. Kwa uamuzi ule, mtoto wa Misungwi na mtoto wa Tanga wote wanaandika kichwa, jicho na macho. Lakini Mombasa na Lamu walisema kitwa, wakasema mato, na mashairi yao yaliyotungwa kwa karne kadhaa yamejaa maneno hayo. Kichwa kilishinda kwa sababu Unguja ilichaguliwa. Nasema hivi bila kuulaumu uamuzi ule, maana umetupa lugha ya kuelewana kutoka Kigoma hadi Pemba. Nataka tu tukumbuke kwamba neno sanifu nalo lilizaliwa mahali fulani, na hilo litupunguzie haraka ya kuyaita maneno ya wenzetu makosa.

Tena lugha za kandokando ya Ziwa Victoria zinahifadhi kumbukumbu ambayo pwani imeipoteza. Msukuma husema kugulu, wingi magulu. Husema kutu, wingi matu, kwa sikio. Mhaya ana okuguru na amaguru, okutu na amatu. Mjita huuita mkono okubhoko, na mikono amabhoko. Mnaona kiambishi kilekile cha KU kikijirudia: mguu, mkono, sikio, vyote vimewekwa katika ngeli moja, ngeli ambayo katika Kiswahili cha leo imebaki kwa vitenzi-jina kama kula na kulala. Pwani iliviondoa viungo katika ngeli hiyo. Mguu ukahamia kwa mti na mto, na sikio likaundwa upya kutokana na kitendo cha kusikia. Hata hivyo kiungo kimoja kilihama na chapa yake: kwapa. Ile kw ya mwanzo ni kiambishi cha KU kilichoganda kwenye shina, ndiyo maana neno hili linaonekana pweke, halina ndugu kati ya majina ya viungo vya Kiswahili. Mswahili wa Kizimkazi anaponyanyua mkono na kutaja kwapa, anatumia sarufi ambayo Mjita wa Majita anaitumia kila siku bila kuona ajabu. Na kuna mtima. Pwani neno hili limebaki kwa washairi, hulisikii sokoni. Bukoba, omutima ndio moyo wa kawaida, ule unaodunda kifuani. Basi mtu akituambia kwamba maneno ya bara yanaharibu Kiswahili, tumwombe kwanza atazame kwapani mwake.

Hoja ya pili ndiyo kiini cha maneno yangu, nami nitakaa hapo zaidi. Lugha hazitofautiani kwa sauti peke yake. Hutofautiana kwa mahali zinapoukata mwili. Mwili hauna alama za mipaka. Hakuna mstari kwenye ngozi unaosema hapa paja limekwisha na hapa nyonga inaanza. Mistari hiyo huchorwa na lugha, na kila lugha ina mkono wake wa kuchora. Chukueni mkono wenyewe. Kiswahili cha kila siku kinaita mkono kila kitu kuanzia begani hadi ncha za vidole. Tunayo maneno ya sehemu zake, kitanga au kiganja, kifundo, kigasha, kiwiko ambacho wengine hukiita kisugudi, lakini mtu akiumia husema mkono na kunyamaza. Mjaluo wa Rorya ana maneno mawili ya kawaida: lwedo kwa sehemu ya kushikia, bat kwa sehemu ya juu. Anapozungumza Kiswahili analazimika kuyatia yote mawili ndani ya mkono, na msikilizaji hawezi kujua ni lipi kati yake limeingia.

Mguu ni vivyo hivyo, na hapa gharama ni kubwa zaidi. Mama mjamzito anakuja zahanati na kusema miguu imevimba. Nyayo na vifundo vyote viwili vikivimba, muuguzi atapima presha na mkojo, akihofia kifafa cha mimba. Ukivimba mguu mmoja, kwenye shafu au pajani, na ukawa wa moto, atahofia damu iliyoganda kwenye mshipa. Ni magonjwa mawili, hatari mbili na dawa mbili, na yote yamefungwa ndani ya neno moja ambalo mama na muuguzi wanaamini wanaelewana kwalo. Hakuna aliyekosea Kiswahili hapo. Mama ametumia neno sanifu kwa maana sanifu. Kilichokosekana ni swali la pili, lile la kuuliza mguu wake unaanzia wapi na kuishia wapi, na swali hilo haliulizwi kwa sababu neno lenyewe halikuonekana geni.

Sasa tuingie ndani ya mwili, ambako macho hayafiki na lugha inabaki peke yake. Mgonjwa anasema moyo unaniuma. Daktari aliyesoma kwa Kiingereza anasikia kiungo chenye vyumba vinne. Lakini Kiswahili chenyewe tangu zamani kimeuita moyo hadi pale chini ya kifua, penye chembe ya moyo, mahali ambapo mbavu zinakutana na tumbo linaanza. Ndiyo maana mtu mwenye kichefuchefu husema moyo umemchafuka, na hakuna anayefikiri kwamba damu yake imeingia uchafu. Mgonjwa wa vidonda vya tumbo anayesema moyo unaniuma na kuweka kidole kwenye chembe anasema Kiswahili safi cha mababu. Pembeni yake ameketi Mjaluo ambaye kwao ini huitwa chuny, na chuny hiyohiyo ndiyo makao ya huzuni, mapenzi na ujasiri, kazi ambazo Kiswahili kimezikabidhi kwa moyo. Ule unaodunda wao huuita adundo. Akitafsiri huzuni yake kwa Kiswahili atasema moyo. Akitafsiri maumivu ya ubavuni, pengine atasema ini, na pengine moyo tena. Anayemsikiliza anahitaji kujua kwamba kuna njia panda hapo.

Kuna pia kizazi. Kiungo hiki kina majina mengi ndani ya Kiswahili hichohicho: mji wa mimba, nyumba ya uzazi, mfuko wa uzazi, tumbo la uzazi, kizazi. Vitabu vya shule vinapenda mji wa mimba. Wodini wanasema kizazi, na wanawake wanasema kizazi: kizazi kimeshuka, ametolewa kizazi, amesafishwa kizazi. Lakini kizazi pia ni uzao, watoto na wajukuu watakaofuata. Mwanamke anapoambiwa kwamba kizazi kinatolewa, anasikia maana zote mbili kwa pamoja, na akikataa kutia saini si kwamba hakuelewa. Ameelewa zaidi ya alivyokusudia msemaji. Kumweleza kwamba mji wa mimba unatolewa ila watoto alionao ni kizazi chake na wataendelea kuwa kizazi chake ni kazi ya lugha, na inahitaji dakika tano tu.

Hoja ya tatu inafuata hapo hapo. Katika mazungumzo yetu jina la kiungo huwa jina la ugonjwa. Tunasema mtoto ana bandama. Ndugu zangu, kila mtoto ana bandama. Tunasema ana kimeo, na kila mtoto ana kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, ambacho kamusi zinakiita kimio na wengine kilimi. Tunasema mzee ana mshipa, na hakuna binadamu aliyewahi kuishi bila mishipa. Msemo huu una mantiki yake: kiungo kinapokaa kimya hatukitaji, kinapovimba au kuuma ndipo tunakiona, na kukitaja kunakuwa kumtaja mgonjwa. Hatari yake ni kwamba kiungo salama kinageuka mtuhumiwa. Mtoto akikohoa kwa muda mrefu au akikataa kunyonya, mtu atasema ana kimeo, na dawa ya kimeo, kwa mujibu wa jina lenyewe, ni kukiondoa. Hukatwa kwa kifaa ambacho hakikuchemshwa, na mtoto aliyekuwa na kikohozi cha kawaida anavuja damu au anapata pepopunda. Ndivyo ilivyo kwa kinachoitwa meno ya plastiki. Ni meno ya kawaida ambayo hayajatoboa ufizi, meupe na laini kwa sababu bado hayajakomaa. Yalipopewa jina la kitu kisicho cha mwili, yakaacha kuwa meno ya mtoto, na kung'olewa kwake kukaonekana kuwa usafi.

Bandama ina uzito wa pekee kwenye mwambao huu. Kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwa kuoga, kufua na kuvua katika maji yenye konokono wanaokibeba, huacha mayai yake kwenye ini; ini linapata makovu, bandama inavimba, tumbo linajaa maji. Malaria nayo huivimbisha bandama. Kwa hiyo mama wa Ukerewe anaposema mwanangu ana bandama, mara nyingi amekwisha kupapasa ubavu wa kushoto na kukuta kitu kigumu. Amefanya uchunguzi. Sasa tazameni safari ya muuguzi atakayempokea. Katika shule ya msingi, ambako tangu 1967 tunafundisha kwa Kiswahili, alisoma kwamba kiungo hicho kinaitwa wengu. Sekondari akafundishwa jina la Kiingereza, na katika chuo cha uuguzi akalitumia hilohilo. Kazini anakutana na bandama. Majina matatu ya kiungo kimoja, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kumwandikia yote matatu kwenye mstari mmoja.

Mshipa unastahili sentensi chache pia. Neno hili hubeba njia za damu, njia za fahamu, wakati mwingine hata kano, na likitamkwa kwa sauti ya chini huwa busha au ngiri. Wataalamu wa istilahi walijitahidi kulipunguzia mzigo kwa kutupa ateri, vena na neva. Maneno hayo ni mazuri na yatumike darasani. Lakini mzee wa Sengerema hataingia chumba cha daktari akisema vena, na mtaalamu anayelijua neno la kitabu peke yake atakuwa amejiandaa kwa mgonjwa asiyekuwepo.

Hoja ya nne ni fupi, na naileta kwa heshima kwa sababu tuko na wazee na vijana pamoja. Kuna viungo ambavyo mtu hawezi kuvitaja kwa lugha ya mama yake mbele ya mgeni bila kuvunja adabu, na kwa hivyo anakimbilia Kiswahili kwa ajili ya stara: sehemu za siri, nyeti, huku chini, ukeni. Kiswahili hapa kinafanya kazi ya kanga, kinafunika ili mazungumzo yawezekane. Tatizo ni kwamba kanga hiyo hufunika kila kitu sawasawa. Kichocho cha mkojo kikiingia kwenye via vya uzazi vya mwanamke huleta maumivu na kutokwa na damu, dalili zinazofanana na za magonjwa ya zinaa. Mwanamke anayesema naumwa huku chini amesema yote ambayo adabu yake inamruhusu. Wakunga wa jadi wanajua maneno ya katikati, yaliyo wazi bila kuwa matusi, na maneno hayo hayajaandikwa popote muuguzi kijana anapoweza kuyasoma.

Najua nina wapinzani humu ukumbini, na mapingamizi yao ni ya haki. La kwanza ni la umoja wa taifa. Tulikiweka Kiswahili juu ili tusigawanyike, wanasema, na sasa unaturudisha kwenye Kisukuma na Kijita. Najibu kwa mfano wa jirani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto, akiwa ameiandika kwa Kikerewe. Hakupata wa kuichapa. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Maarifa ya Ukerewe kuhusu mwili, uzazi na uganga yaliingia katika Kiswahili, na umoja wetu haukupungukiwa na kitu. Nendeni pia sokoni Mwaloni, Kirumba. Mfuko wa hewa wa sangara unaitwa bondo, na mifupa inayobaki baada ya minofu kuondolewa inaitwa mapanki. Maneno hayo ya viungo vya samaki yalienezwa na watu wa ziwa, na leo mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayatumia bila kuuliza ni ya kabila gani. Ikiwa tumeweza kuupa mwili wa sangara maneno yetu, mwili wa binadamu nao unayastahili.

La pili husemwa na matabibu wenyewe: mwambie mgonjwa aonyeshe kwa kidole. Kidole ni kizuri, nami nimekwisha kukisifia pale kwenye chembe ya moyo. Lakini kidole hakionyeshi kilicho ndani, hakipiti kwenye simu, na mtoto mdogo hukielekeza kokote anakotazamwa. Tena Hospitali ya Bugando, iliyo kilimani pale tangu 1971, hupokea wagonjwa kutoka Mara, Kagera, Geita, Simiyu, Shinyanga na kwingineko, na kabla ya kufika wameandikiwa rufaa. Kwenye karatasi ya rufaa hakuna kidole. Kuna neno lililoandikwa na mtu aliyekwisha kutafsiri.

La tatu ni kwamba maneno haya yanakufa, vijana wa Igoma hawayajui, basi tuyaache yaende. Ni kweli kwamba mengi yanapotea. Lakini anayeugua zaidi ni mzee, na mzee anayo. Na vijana hawajabaki bila maneno yao: shafu la mguu wanaliita kigimbi, kifundo cha mguu kinachoteguka uwanjani wanakiita enka. Watakapozeeka, maneno hayo ndiyo yatakayomshangaza muuguzi wa siku zao. Tofauti za namna hii haziishi, hubadilisha wenyewe.

Tufanye nini, basi? Sipendekezi kamusi kubwa. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam umekwisha kutupa msingi, na kamusi ya Kihaya ya Profesa Muzale, iliyotoka 2006, inaonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana. Ninachopendekeza ni karatasi moja. Ichorwe picha ya mwili, mbele na nyuma, na nyingine ya viungo vya ndani. Kila kiungo kiwe na mstari, na kwenye mstari neno la kitabu cha shule, neno la wodini, na neno la wenyeji wa eneo la zahanati ile, liwe Kikerewe kule Nansio, Kisukuma kule Magu, Kizinza kule Sengerema. Penye neno linalovuka mipaka, kama moyo, mguu na mshipa, eneo lote linalofunikwa na neno hilo lipakwe rangi, ili muuguzi mgeni aone kwa macho upana wake. Wakunga wa jadi waitwe kwanza, na walipwe kwa muda wao kama wataalamu wengine wanavyolipwa. Walimu wa sayansi wa darasa la sita wapewe nakala, ili wengu na bandama vikutane mapema katika daftari moja.

Kazi hiyo inaweza kuanza leo. Mlangoni pameandaliwa meza yenye picha hizo, bado hazina jina hata moja. Kabla hujatoka, chagua kiungo kimoja, andika neno la kwenu na jina la kijiji lilikotoka, kisha uzungushie kalamu mahali linapoanzia na linapoishia. Waliotoka visiwani naomba waanze na ini na bandama. Kalamu ziko za kutosha.